Mienge Kumi ya Polybius

Kama una kalamu na kipande cha karatasi karibu, viweke tayari, maana huko mbele tutavihitaji. Kwanza twende Uyunani ya kale.

Yapata mwaka 207 KK, Philip wa Tano, mfalme wa Makedonia, alikuwa amebanwa huku na huku. Baharini zilimtisha meli za Roma na za Attalus, mfalme wa Pergamo. Nchi kavu walikuwapo Waetolia, majirani walioungana na Roma. Mtu mmoja hawezi kuwa kila mahali. Kwa hiyo Philip aliwaagiza watu wa kisiwa cha Peparethus, wa Phocis na wa Euboea wamjulishe kwa moto kila adui atakapojitokeza, na ishara zote zielekezwe mlima Tisaeum, huko Thesalia, mlima uliokaa vizuri kwa kutazama pande zile zote.

Moto wa ishara ulikuwa jambo la kale hata wakati ule. Shida yake ni kwamba moto husema lile tu mlilopatana kabla. Mkikubaliana kwamba moto fulani maana yake meli zimefika Chalcis, basi siku meli zikifika Chalcis mtaelewana. Lakini vita havina ratiba. Wenyeji wa mji wamegeuka na kumfungulia adui lango. Watu wamechinjana usiku. Kikosi cha kukodiwa kimetoroka. Nani alikaa kitako akapanga ishara ya hayo? Na hayo ndiyo yanayotakiwa kujulikana upesi kuliko yote, kwa sababu pengine bado lipo la kufanya. Mlinzi yuko juu mlimani, kuni anazo, moto anao, mwenzake wa ng'ambo yuko macho anamtazama, na habari aliyo nayo haina pa kupita.

Aliyetuwekea tatizo hili wazi ni mwanahistoria Polybius. Alizaliwa Megalopolis, katika Arcadia, yapata mwaka 200 KK, mtoto wa mmoja wa viongozi wa Muungano wa Waakaya, na mwenyewe akapanda hadi kuwa kamanda wa wapanda farasi wa muungano huo. Makedonia iliposhindwa na Roma huko Pydna mwaka 168 KK, Warumi waliwakusanya Waakaya 1,000 wenye nafasi, wakawapeleka Italia kuwa mateka, na Polybius akiwa miongoni mwao. Alikaa huko miaka ipatayo 17. Akawa rafiki na mshauri wa jemadari wa Kirumi Scipio Aemilianus, na mwaka 146 KK alikuwa pamoja naye Carthage ilipoteketezwa. Aliandika vitabu 40 vya historia. Vilivyotufikia kamili ni vitano vya mwanzo, vingine vimebaki vipande. Habari ya mienge imo katika kitabu cha 10, kwenye kipande kilichosalimika. Wala sioni ajabu kwamba aliyelishughulikia jambo hili kwa moyo wote ni mtu aliyewahi kuongoza askari. Anajua thamani ya habari ya kweli iliyofika mapema.

Polybius hakujidai kuwa wa kwanza. Anatueleza kwamba mwandishi wa mambo ya vita aitwaye Aeneas, aliyeishi karne mbili hivi kabla yake, alikwisha kujaribu. Na jaribio la Aeneas lafaa tulitazame kwa karibu, maana ni la akili sana. Tengenezeni mitungi miwili ya udongo, alisema, iliyolingana kabisa: kina chake dhiraa tatu, upana wake dhiraa moja. Katika kila mtungi wekeni boya jepesi linaloelea, jembamba kidogo kuliko mdomo wa mtungi. Katikati ya boya simamisheni fimbo, na fimbo hiyo igawanywe mafungu ya vidole vitatu vitatu. Kwenye kila fungu andikeni jambo moja linalotukia sana vitani: wapanda farasi wameingia nchini, askari wa miguu wenye silaha nzito, wenye silaha nyepesi, meli, nafaka, na kuendelea hivyo hadi fimbo iishe. Kisha kila mtungi utobolewe tundu chini, matundu yawe sawa kabisa, yazibwe, na mitungi ijazwe maji. Mmoja mnao ninyi, mwingine wanao wenzenu wa ng'ambo.

Jambo likitokea, mnainua mwenge. Wenzenu wanajibu kwa mwenge wao. Hapo pande zote mbili zinazibua tundu kwa pamoja, maji yanatoka, boya linashuka, na fimbo inashuka nalo. Fungu lenye habari yenu likifika sawa na mdomo wa mtungi, mnainua mwenge tena. Ng'ambo wanaziba tundu palepale na kusoma neno lililosimama mdomoni mwa mtungi wao.

Ukiifikiria, msikilizaji, utaona hapa watu wawili walio mbali wanapelekeana kipimo cha muda, na muda unageuka kuwa maneno. Mimi binafsi namheshimu sana Aeneas. Lakini Polybius alimkosoa, na ukosoaji wake ni wa haki. Fimbo ina mafungu mangapi? Utaandika mambo ishirini, ishirini na manne. La ishirini na tano likitokea, umerudi ulikotoka. Hata yale uliyoyaandika yana upungufu: fimbo itasema wapanda farasi wameingia, lakini haitasema ni wangapi wala wameingilia wapi. Mkuu wa jeshi atapeleka msaada gani, na aupeleke wapi, kwa habari ya namna hiyo?

Ndipo Polybius anapotoa njia ya tatu. Anasema ilibuniwa na watu wawili, Cleoxenus na Democleitus, na yeye akaikamilisha. Njia yenyewe ni hii. Acheni kupeleka mambo, pelekeni herufi. Alfabeti ya Kiyunani ina herufi 24. Zigawanywe mafungu matano, kila fungu herufi tano kwa utaratibu wake, isipokuwa fungu la mwisho litakuwa na nne. Ziandikwe kwenye mbao tano, kila fungu na ubao wake, na kila upande uwe na seti yake ya mbao. Mwenye habari anainua mienge miwili kuuliza kama wenzake wako tayari. Wao wanainua miwili kuitika. Hiyo ikishashushwa, kazi inaanza: mienge ya upande wa kushoto inataja ni ubao wa ngapi, na mienge ya kulia inataja ni herufi ya ngapi kwenye ubao huo. Hakuna upande utakaohitaji zaidi ya mienge mitano. Kwa hiyo mienge kumi inatosha kusema chochote ambacho Myunani anaweza kukiandika.

Tena alifikiria mambo madogo ambayo ndiyo yanayoharibu kazi. Usiku, kwa mbali, mienge ya kushoto na ya kulia huonekana kama kundi moja la moto. Kwa hiyo anayetazama awe na chombo chenye mirija miwili ya kuchungulia, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto. Mirija hiyo haikuwa na vioo. Kazi yake ilikuwa kulitenga jicho lisichanganye pande. Pale inapoinuliwa mienge pajengwe kiambaza kila upande, urefu wake futi kumi hivi na kimo cha mtu, ili mwenge ukiinuliwa uonekane barabara na ukishushwa upotee kabisa. Mtu anayeandika hivi, naamini, alikwisha kusimama gizani akahesabu moto wa mbali akakosea, au aliwahoji waliokosea.

Akatoa na mfano. Tuseme habari ni kwamba askari wapatao mia moja wa upande wetu wamehamia kwa adui. Kwanza, anasema, tafuta maneno yatakayobeba habari hiyohiyo kwa herufi chache. Badala ya sentensi ndefu sema: Wakrete mia wametutoroka. Neno la kwanza kwa Kiyunani linaanza na kappa. Kappa ni herufi ya kumi, kwa hiyo iko ubao wa pili, nafasi ya tano. Inueni mienge miwili kushoto, kisha mitano kulia. Ifuatayo ni rho, ya kumi na saba: minne kushoto, miwili kulia. Na hivyo hivyo. Nimeihesabu mienge ya neno hilo moja la Wakrete kwa Kiyunani, lenye herufi sita, nikapata mienge 38 ya kuinua na kushusha. Kazi si ndogo. Lakini habari imefika, na ni habari ambayo hakuna mtu aliyeipangia ishara mapema.

Nalisisitiza hili kwa sababu vitabu vingi vya siku hizi vinaiweka njia ya Polybius kwenye sura ya siri na mafumbo, halafu vinapita. Polybius hakuwa anaficha kitu. Haja yake ilikuwa kufikisha. Kabla ya mbao zile tano, aliye mbali aliweza kuambiwa yale tu yaliyokwisha kufikiriwa. Baada yake, aliye mbali aliweza kuambiwa jipya. Kwangu mimi huo ndio ukubwa wa jambo hili, na kila kilichofuata baadaye, yakiwamo matumizi ya siri, kimesimama juu yake.

Haya, shika kalamu. Chora mraba, uugawe uwe na vyumba 25: safu tano, kila safu vyumba vitano. Polybius alikuwa na mbao mbalimbali. Waliokuja baadaye waliziunganisha zikawa mraba mmoja, nasi tutafuata huo. Waandishi wa Kiingereza wana herufi 26, kwa hiyo huwabidi kuzibana mbili katika chumba kimoja, mara nyingi I na J. Sisi Kiswahili chetu sanifu hakitumii Q wala X. Ukiziondoa hizo zinabaki 24, sawasawa na za Wayunani. Hatuna haja ya kubana kitu.

Safu ya kwanza andika A, B, C, D, E. Safu ya pili: F, G, H, I, J. Ya tatu: K, L, M, N, O. Ya nne: P, R, S, T, U. Ya tano: V, W, Y, Z, na chumba cha mwisho kiache kitupu, kama kilivyokuwa kitupu kwenye ubao wa tano wa Polybius.

Sasa tufumbe neno. Chukua MAJI. M iko safu ya tatu, nafasi ya tatu: 33, na tuisome tatu-tatu. A ni safu ya kwanza, nafasi ya kwanza: 11. J ni 25. I ni 24. Basi maji ni 33, 11, 25, 24. Na wale Wakrete wa Polybius kwa Kiswahili? W ni 52, A 11, K 31, R 42, E 15, T 44, E 15. Ukiinua mienge kwa neno hilo utainua 39, mmoja tu zaidi ya Myunani, ingawa neno letu lina herufi saba na lake sita. Sababu ni ile A. A ndiyo herufi inayotumika kuliko zote katika Kiswahili, nayo ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote: mwenge mmoja kushoto, mmoja kulia, basi. Neno BABA lote kwa mraba huu ni mienge kumi.

Kufumbua ni kurudi kwa njia ileile. Nikikupa 34, 25, 35, 35, utaanza na safu ya tatu, uhesabu hadi chumba cha nne, upate N. Safu ya pili, chumba cha tano, J. Safu ya tatu, cha tano, O. Na O nyingine. NJOO. Sheria ni moja tu, na wawili wasipokubaliana juu yake hawataelewana milele: safu kwanza, nafasi baadaye. Ukigeuza, 25 yako inakuwa 52, na J inageuka W.

Wasikilizaji wetu wa pwani waliokaa chuoni watasema mbona herufi kuwa namba si jambo geni, abjadi tunayo. Kweli kabisa: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, mpaka ghaini ambayo ni elfu. Lakini hebu jaribu kuinua mienge elfu moja mlimani. Akili ya mbao tano ni kuivunja namba kubwa iwe namba mbili ndogo, kila moja isizidi idadi ya vidole vya mkono. Kwa hiyo chochote kinachoweza kuhesabiwa hadi tano kinaweza kubeba lugha nzima. Mwenge, kikohozi, pigo la fagio, bisho la kidole ukutani.

Na siri je? Ukiandika barua yako kwa namba hizi na mtu asiyejua akaiona, ataona tarakimu tupu. Lakini usijidanganye. Anayejua kutafuta ataifungua kabla chai haijapoa. Mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, alikwisha kueleza namna ya kufanya: hesabu ni alama ipi inajirudia zaidi, kisha uilinganishe na herufi inayojirudia zaidi katika lugha ile. Barua ya Kiswahili iliyofumbwa kwa mraba wetu itajaa 11, na hiyo peke yake itamwambia mpekuzi kwamba A imeonekana. Kuna na la pili, la lugha yetu hasa. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Ukiacha nafasi kati ya neno na neno, basi mwisho wa karibu kila neno utakuwa mmoja wa alama tano tu: 11, 15, 24, 35 au 45. Umempa irabu zote tano mkononi. Ongeza na vile vijineno vya herufi mbili visivyokwisha, ya, wa, za, la, na, vyote vikiishia alama moja, na mpekuzi hana kazi tena.

Waliotaka siri ya kweli walianza kwa kuchanganya mpangilio wa mraba. Chagua neno la siri lisilorudia herufi, SIMBA kwa mfano, uliandike safu ya kwanza: S, I, M, B, A. Kisha jaza herufi zilizobaki kwa utaratibu wake: C, D, E, F, G safu ya pili, H, J, K, L, N ya tatu, O, P, R, T, U ya nne, V, W, Y, Z ya tano. Sasa MAJI imekuwa 13, 15, 32, 12. Asiyejua neno la siri atapata tabu kidogo. Lakini ni kidogo kweli, maana A bado ndiyo A. Imebadili nyumba tu, ikaenda 15, na kule nako itajirudia vilevile mpaka ionekane.

Hatua iliyotikisa kweli ilikuja mwaka 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Afisa wa Kijerumani, Fritz Nebel, aliuchukua mraba wa Polybius, na badala ya tarakimu 1 hadi 5 akatumia herufi A, D, F, G na X, kwa sababu hizo katika alama za Morse zinasikika tofauti sana na mwendeshaji wa redio hazichanganyi kwa urahisi. Kisha akafanya jambo ambalo Polybius hangeliota. Kila herufi ikishakuwa alama mbili, alama hizo aliziandika chini ya neno la siri na kuzipangua kwa mistari ya kwenda chini, hata nusu ya herufi ikaangukia huku na nusu yake nyingine ikapotelea kule. Hesabu ya al-Kindi ilipofika hapo ilikosa pa kushika, kwa kuwa hakukuwa tena na herufi nzima ya kuhesabu. Mwezi Juni mwaka huohuo Wajerumani waliongeza V, mraba ukawa wa sita kwa sita, ukabeba na tarakimu.

Aliyeufungua ni kapteni wa Kifaransa, Georges Painvin, mwalimu wa jiolojia katika maisha yake ya amani. Alifanya kazi mpaka akapungua kilo 15. Siku za mwanzo za Juni 1918, Paris ikiwa imetishika na Wafaransa hawajui pigo lijalo litatokea wapi, alifumbua ujumbe ulioamuru shehena ya risasi iharakishwe, hata mchana mahali ambapo haitaonekana. Ulielekezwa kwa jeshi lililokuwa kaskazini ya Compiègne. Pigo lilipokuja huko, tarehe 9 Juni, Wafaransa walikuwa wanalingojea. Wafaransa wenyewe wanauita ule ujumbe radiogramu ya ushindi.

Hayo ni ya makamanda. Kwangu mimi, mraba huu ulirudi kwenye kazi yake ya asili magerezani, mikononi mwa watu wasio na mwenge, wala kalamu, wala mtu wa kumtazama usoni.

Urusi, baada ya maasi ya Desemba 1825 kushindwa, waasi walifungwa katika ngome ya Petro na Paulo mjini St. Petersburg, kila mtu na seli yake. Mmoja wao, Mikhail Bestuzhev, alibuni alfabeti ya kugonga ukutani. Wafungwa waliofuata wakairithi na kuirahisisha kwa njia ya safu na nafasi. Mwanamapinduzi Pyotr Kropotkin, aliyefungwa ngome hiyohiyo kuanzia 1874, ameieleza: safu sita za herufi tano tano, kwa kuwa Warusi wana herufi nyingi kuliko sisi. Unagonga safu, unagonga nafasi. Ameeleza pia kwamba alimsimulia kijana wa seli jirani historia ya Komuni ya Paris, serikali ya waasi wa mji huo, mwanzo mpaka mwisho kwa kugonga, na ikamchukua wiki nzima. Hebu likalie hilo, msikilizaji. Historia ya mji mzima imepita katika ukuta wa gereza, bisho moja moja, na askari wa zamu anatembea nje.

Karibu miaka mia baadaye, Vietnam. Tarehe 4 Aprili 1965 rubani wa Marekani, kapteni Carlyle Harris, alitunguliwa na kukamatwa, akapelekwa gereza la Hoa Lo mjini Hanoi, gereza walilolijenga Wafaransa zama za ukoloni. Harris alikumbuka jambo moja. Alipokuwa mafunzoni, mkufunzi alimwonyesha wakati wa mapumziko, nje ya somo, namna wafungwa wanavyoweza kuzungumza kwa mraba wa 25. Halikuwa kwenye mtaala. Walipowekwa pamoja kwa muda mfupi katika chumba kimoja, yeye na wenzake watatu, aliwafundisha. Walipotawanywa tena, mraba ulitawanyika nao, seli hadi seli, jengo hadi jengo.

Wao waliiondoa K, wakaiandikia C. Safu kwanza, nafasi baadaye, kama Polybius. Aliyetaka kuanza aligonga mapigo matano ya wimbo mfupi ambao kila Mmarekani anaujua mwisho wake, akangoja. Jirani wa kweli alimalizia kwa mapigo mawili. Aliyegonga ovyo alijulikana kuwa si mwenzao. Mbele ya kila mlima wa Polybius kulikuwa na mienge miwili ya kuuliza na miwili ya kuitika, na mbele ya kila ukuta wa Hoa Lo kulikuwa na mapigo hayo.

Walisikiliza kwa kikombe cha bati kilichokandamizwa ukutani na sikio juu yake, blanketi limefunika kichwa ili askari asione. Waliofagia uani walifagia kwa mapigo ya herufi, gereza zima likasoma fagio. Waliofupisha maneno walifanya alivyoshauri Polybius. Usiku ulipofika waligonga herufi tano tu: mbili za kutakiana usiku mwema, na tatu za kumwombea mwenzako baraka ya Mungu. Kwa njia hii walipashana nani amekuja mpya, nani ametolewa kupelekwa kuhojiwa na amerudi katika hali gani, nani mkubwa wao kwa cheo, amri yake ni ipi. Waliyahifadhi majina ya wafungwa wote kichwani, jina kwa jina, ili atakayetoka awapelekee jamaa habari. Harris aliachiliwa Februari 1973. Walikuwapo walioachiliwa wakati huo ambao kwa miaka walikuwa marafiki wa ndani kabisa, na nyuso zao hawakuwa wamewahi kuonana.

Nirudi kwa Polybius, kwa jambo moja alilolisema ambalo nadhani linawahusu hawa wote. Alijua msomaji wake atasema kazi hii ni ngumu, haiwezekani, nani atahesabu mienge yote hiyo vitani. Akamjibu kwa mfano wa kusoma. Mchukue mtu mzima mwerevu asiyejua kusoma kabisa, anasema, umweke mbele ya mtoto anayesoma kitabu. Umwambie kwamba mtoto huyu, kwa kila herufi, kwanza hutambua umbo lake, kisha sauti yake, kisha huiunganisha na jirani zake, na kila moja ya hayo inataka muda. Halafu mtoto asome mistari mitano au saba bila kupumua. Mtu yule hataamini kwa urahisi kwamba mtoto hakuwahi kukisoma kitabu kile kabla. Mazoea ndiyo yaliyofanya hivyo, na mazoea ndiyo yatakayofanya mienge isomeke. Waliokaa Hoa Lo miaka mingi wamethibitisha: baada ya muda hawakuhesabu tena. Walisikia maneno.

Basi na sisi tujizoeze. Utagonga meza kwa kidole au kalamu. Gonga safu, tulia kidogo, gonga nafasi, kisha tulia zaidi kabla ya herufi inayofuata. Mtulio wa kwanza ukiwa mrefu kama wa pili, mwenzako atapotea, na hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Mfundishe mtu mmoja nyumbani, mkae vyumba viwili, mlango umefungwa. Anzeni na majina yenu. Msiandike, yasikieni.

Na sasa ujumbe wetu kwenu, kwa mraba ule wa kwanza, usio na neno la siri. Ni maneno mawili. Nitausoma mara moja, polepole.

Neno la kwanza: 43, 11, 32, 11, 33, 45.

Neno la pili: 54, 24, 33, 15, 21, 24, 31, 11.

Atakayefumbua asituletee jibu kwa herufi. Atujibu kwa tarakimu.